Mlima Ulio Chini ya Ziwa Kivu

Maji ya Ziwa Kivu yako kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya juu kuliko zote Ubelgiji, Signal de Botrange, ina mita 694. Kwa hiyo mtu wa Goma anayenawa uso ufukweni yuko juu zaidi ya mara mbili ya Mbelgiji aliyefika kileleni mwa nchi yake. Hesabu hiyo niliipiga mapema nilipohamia Brussels, na kwa miaka mingi ilinitosha kama sababu ya kutokwenda. Wenyeji nao wanalijua jambo hilo. Mwaka 1923 walirundika kilima cha mita sita pale Botrange, wakakijengea ngazi, ili anayepanda aweze kusema amefika mita 700. Wakakipa jina la Jenerali Baltia, aliyekuwa akitawala wilaya za Eupen na Malmedy ambazo Ujerumani ilinyang'anywa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mimi nawapenda watu wasioona haya kuongeza ngazi.

Kwetu Goma mlima haukuwa wa matembezi. Nyiragongo, wenye mita 3,470, ulionekana kutoka kila ua, na usiku moshi wake ulikuwa mwekundu. Waliopanda mpaka ukingoni ni watalii, walinzi wa hifadhi wenye bunduki, na wapagazi. Mjomba wangu alikuwa mpagazi. Alianzia Kibati na mzigo wa maji, vyakula na makaa ya kupikia, akafika juu akapika, akalala kwenye baridi, kesho yake akashuka. Hakutusimulia hata mara moja uzuri wa lile ziwa la moto. Alitusimulia magoti yake. Sisi wengine tulipanda vilima kwa ajili ya viazi, kuni au msiba, na kabichi na makaa vikashuka kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo Goma imelijengea sanamu. Ukionekana unapanda mikono mitupu, wangekuuliza mgonjwa ni nani.

Kisha ikaja tarehe 17 Januari 2002. Lava iliingia mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na mji mzima ukatembea: wengine kuelekea Gisenyi, wengine Sake, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Baada ya mwendo wa namna ile, mtu akikwambia twende tukatembee Jumamosi bila sababu, unamtazama usoni kwanza.

Tena mlima wetu ulikuwa na mwenyewe. Hifadhi iliundwa mwaka 1925 na Mfalme Albert I wa Ubelgiji, ikabeba jina lake hadi 1969 ilipoitwa Virunga. Kwa wakulima wa pembezoni, hifadhi ilikuwa mpaka usiovukwa, na faini kwa anayeuvuka. Huku Brussels ndiko nilikosoma kwamba mfalme huyo alikuwa mpanda miamba kweli kweli, na kwamba Jumamosi moja, tarehe 17 Februari 1934, alitoka mjini kwenda kupanda kwa saa chache kwenye miamba ya Marche-les-Dames, kando ya mto Meuse, akaanguka akafa. Nilibaki nikishangaa. Mfalme, mwenye watu wa kumbebea kila kitu, afe kwa kutoka matembezi!

Miaka yangu ya kwanza hapa miguu ilikuwa ya shughuli tu. Mtaani Matonge kununua majani ya sombe na samaki wa makayabu, kazini, kanisani, nyumbani. Tramu namba 44 nilipanda kwenda Tervuren kuonyesha wageni jumba la makumbusho lililojaa vitu vya kwetu, na kila mara tramu ilipita kando ya msitu wa Soignes bila mimi kufikiria kushuka. Miti yake mikubwa, mirefu, iliyonyooka, yenye maganda laini ya kijivu, ilipandwa kwa mpango tangu mwishoni mwa karne ya 18, wakati wa utawala wa Austria. Niliiona kama mali ya mtu.

Aliyenitoa ni mwenzangu wa kazini, mama mzee kidogo, mzaliwa wa Eupen, ambako Wabelgiji wanasema Kijerumani. Alinichokoza kwa miezi. Mwishowe tukapanda treni inayotoka Ostende hadi kwao, halafu basi la kwenda Botrange, ikawa mwezi wa Oktoba na ukungu. Nilitarajia mlima. Nikakuta uwanda mpana wa majani ya hudhurungi na udongo mweusi uliolowa kama sifongo, upepo hauna pa kuzuiliwa, na njia za mbao zilizoinuliwa kidogo juu ya matope. Ukikanyaga nje ya ubao unazama mpaka kwenye kifundo, pengine zaidi. Baridi ile ilinikumbusha mjomba. Yule mama alitembea mbele yangu, kimya, mkoba wenye mkate na chai mgongoni, wala hakutafuta kitu. Kwangu hilo ndilo lilikuwa jipya kuliko yote: saa nzima za mwendo ambazo mwisho wake hapakuwa na gunia.

Katikati ya uwanda kuna msalaba wa mbao. Mwenzangu alinieleza habari zake. Januari 1871, François Reiff na mchumba wake Marie Solheid walivuka nyika hii kwa miguu, theluji ikiwa nyingi, kwenda Xhoffraix alikozaliwa Marie, kuchukua karatasi za ndoa. Upande ule ulikuwa Prussia wakati huo. Hawakufika. Miili yao ilipatikana Machi, theluji ilipoyeyuka, mmoja mbali na mwenzake. Wa Marie ulikuwa karibu na nguzo ya mpaka. Watalii hupiga picha pale na kuiita hadithi ya mapenzi. Mimi niliyesimama foleni za vibali nikiwa na faili kwapani naiona ni hadithi ya karatasi.

Nilirudi peke yangu, kisha nikaanza kushuka ile tramu njiani na kuingia Soignes. Ndugu walinicheka. "Umekosa kazi?" Na msituni wazungu walinisalimia kwa upole uliozidi, kana kwamba nimepotea. Weusi tulikuwa wachache.

Kilichogeuza mambo ni Machi 2020. Serikali ilifunga nchi tarehe 18 kwa sababu ya korona, makanisa nayo yakafungwa, lakini kutoka kutembea kuliruhusiwa. Kina mama wa kundi letu la sala, waliozoea kukutana kila wiki, walibanwa ndani ya vyumba vidogo mpaka mmoja wao, mzaliwa wa Bukavu, akanipigia simu: "Mwanangu, ule msitu wako uko wapi?" Tulianza wawili wawili, kila mmoja mbali na mwenzake, kama amri ilivyotaka. Amri zilipolegea tukawa kundi. Makanisa yalifunguliwa, na matembezi hayakuacha. Sasa ni Jumamosi, vitenge juu ya suruali za joto, mandazi kwenye ndoo, wimbo ukianzishwa tukifika penye mwinuko. Wapo waliotumwa na daktari kwa sababu ya sukari au presha, na wapo wanaokuja kwa umbea tu, wote wanafika. Watoto wetu waliozaliwa hapa hutuongoza kwa ramani za simu na hutucheka tunapouita mwinuko ule mlima.

Nyiragongo wenyewe ulifika mahali ukawa haupandiki kwa matembezi. Ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma. Mjomba alikwishaacha mizigo zamani. Nilipomwambia kwa simu kwamba huku kina mama wanapanda kwa hiari yao, bila malipo, aliuliza swali moja: nani anabeba maji? Kila mtu ya kwake, mjomba.

Ukiwa Brussels na hujawahi kwenda, anza na Soignes, halafu Botrange. Vaa viatu visivyopitisha maji, na wakati wa baridi geuza mapema, maana Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukikuta bendera nyekundu mwanzoni mwa njia, usiingie: ni hatari ya moto, na ule udongo mweusi ukishika moto hauzimiki upesi.