Wanachimba barafu misimu minne na hawana hata kiki moja

Wadau, leo hakuna ubuyu wa nani kaachana na nani. Kuna watu nawafuatilia muda mrefu, majina siyataji, na hata ningeyataja wengi wenu msingewajua. Hawa jamaa wanapiga kambi Antaktika, sehemu inaitwa Little Dome C, kule mwisho kabisa wa dunia upande wa kusini. Kazi yao ni kuchimba barafu tu.

Kambi ipo kama mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chao baridi inacheza kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Friza la bucha la mtaani kwetu ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Yaani hao jamaa wakitaka kuota moto, waingie kwenye friza letu.

Mashine yao ni bomba refu lenye meno mdomoni. Linashushwa kwa waya, linazunguka, linakata, linapandishwa na gogo la barafu la mita chache tu. Wanalitoa, wanalishusha tena. Shimo likishakuwa refu, kushuka na kupanda kunakula muda kuliko kukata kwenyewe. Wamefanya hivyo misimu minne, na Januari 2025 wakagusa mwamba, mita 2,800 chini. Barafu waliyoipata ina zaidi ya miaka milioni 1.2!

Sasa barafu ya kazi gani? Theluji ikidondoka inaikandamiza ya chini yake, na hewa ya wakati ule inanaswa humo kwenye mapovu. Mfaransa mmoja, staa wa fani hii, alishtukia mchezo mwaka 1965 akiwa hukohuko Antaktika. Walitia vipande vya barafu ya zamani kwenye wiski, akaona mapovu yanatoka, akawaza: hii si hewa ya kale? Wengine tukiona mapovu kwenye glasi tunapiga picha tunapost.

Barafu iliyochimbwa jirani na hapo miaka ya nyuma ilionyesha kwamba kwa miaka 800,000 hewa ya ukaa haikuvuka sehemu 300 kwa milioni. Leo imepita 420. Hapo ndipo niliacha kusoma kwanza nikakaa kimya.

Desemba 2011 nilikuwa darasa la tano, tunaishi Jangwani. Maji yaliingia usiku, tukatoka na godoro moja na daftari za dada. Familia nyingi zikapelekwa Mabwepande. Tangu siku hiyo mvua ikizidi, kaka yangu anasema mabadiliko ya tabianchi ni stori za wazungu za kuombea hela, na mama anasema mvua za siku hizi si zile alizokua nazo. Mimi niliishia form four, kemia niliipata kwa mbinde, siwezi kuwaamua. Na sisemi mafuriko yetu yaliletwa na hewa ya ukaa, Jangwani ni bonde, maji yanapajua. Ila jamaa wa kambini hawabishani na mtu. Wanapandisha gogo, wanapima.

Na msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2000 kikosi cha watafiti kutoka Marekani kilichimba Kilimanjaro, wakatoa magogo sita. Barafu ya chini ilikuwa na miaka kama 11,700, na ndani kulikuwa na tabaka la vumbi la ukame mkali wa miaka kama 4,000 iliyopita. Walioishusha mlimani kwa mgongo ni wapagazi wa kwetu. Watafiti unawakuta mtandaoni hadi picha zao. Wapagazi? Hakuna jina hata moja nililoliona.

Barafu hiyo sasa ipo kwenye friza la chuo kikuu, Ohio. Ya mlimani inazidi kupungua. Kama una baba, mjomba au jirani aliyebeba yale maboksi mwaka ule, nicheki inbox. Nataka kumhoji, nimuulize yalikuwa na uzito gani na alilipwa shilingi ngapi. Nauli ya Moshi nitaitafuta.