Mzee wa Mpanda aliyeuona mpira kwa masikio

Mpanda. Reli inayotoka Kaliua inaishia Mpanda. Ilijengwa kuufuata mgodi wa madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa, treni iliendelea kuja. Ilileta abiria, chumvi, vitambaa na magazeti ya Dar es Salaam yaliyochakaa kwa safari.

Kwa mashabiki wa soka wa mji huu, gazeti halikuwa la kutafuta matokeo. Hayo walishayapata siku ile ile kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Gazeti lilisubiriwa kwa sababu ya picha, ili mtu amwone kwa macho mchezaji ambaye tayari alikuwa akimjua kwa sauti ya mtangazaji.

Mzee mmoja wa Kashaulili mwenye umri wa miaka 74, ambaye hakupenda jina lake liandikwe, ni shabiki wa zama hizo. Baba yake alikuja Mpanda kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 20 kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ni mwanachama wa Simba tangu ujana, na hadi leo hajawahi kuingia Uwanja wa Taifa.

Mpira wa macho aliuona Uwanja wa Azimio, hapa hapa mjini, timu za mitaa zilipomenyana. Mpira mkubwa aliusikia.

Betri juu ya bati

Wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya ya mbali ndani ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, kwa hiyo miaka yote ya nyuma aliyetaka mpira alitafuta redio.

Mzee anasema mtaani kwao redio ya kutegemewa ilikuwa moja, ya National. Waya wake wa antena ulipandishwa hadi juu ya mwembe. Siku ya mechi, betri zilizochoka zilianikwa juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Watu walikaa chini, wengine wakiwa na vikombe vya kahawa, na mtoto aliyepiga kelele alifukuzwa.

Masafa mafupi yalikuja na kupotea. Sauti ya Ahmed Jongo ingeweza kuzama mpira ukiwa ndani ya boksi, ikarudi watu wa uwanjani wakipiga mayowe. Hapo kijiwe kizima kilibaki kuulizana ni nani kafunga.

Mwaka wa Zambia

Ukimuuliza mwaka anaoukumbuka zaidi, hasiti: 1979. Raha zake mbili zote zilitoka Zambia.

Ya kwanza ni ya Simba, katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Ilifungwa na Mufulira Wanderers mabao 4-0 nyumbani Dar es Salaam. Kijiweni, mashabiki wa Yanga walishamaliza kucheka na wengi hawakuona sababu ya kumaliza betri kwa mechi ya marudiano. Simba ilikwenda Lusaka ikashinda 5-0 na kusonga mbele.

Ya pili ni ya taifa zima. Taifa Stars ilihitaji matokeo mazuri Ndola ili ifuzu Fainali za Mataifa ya Afrika. Peter Tino akafunga, mchezo ukaisha 1-1, Tanzania ikaenda Lagos mwaka 1980. Huko ilifungwa na Nigeria 3-1 na Misri 2-1, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mzee anayataja matokeo hayo bila kupepesa, pamoja na jina la Thuwein Ally aliyeifunga Ivory Coast.

Tanzania ilisubiri miaka 39 kurudi kwenye fainali hizo, mwaka 2019 nchini Misri. Safari hiyo wajukuu waliangalia kwenye televisheni sebuleni. Wawili kati yao walidhani ndiyo mara ya kwanza Tanzania kufika. Babu ndiye aliyewaambia habari za Ndola.

Kimya ambacho si hasira

Siku hizi mzee hakai sana na watu mechi ikiwa hewani. Familia ilidhani amekuwa mkali au amechoka na kelele za vijana. Akiulizwa jambo hujibu jingine, au hukaa kimya. Aliposikia "Pamba" akaelewa "Simba", vijana walicheka, naye akainuka akaenda kulala.

"Sauti naisikia, maneno ndiyo yanayonikimbia," anasema.

Maelezo hayo ni ya kawaida kwa mtu anayepoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya umri. Sauti nyembamba hupotea kwanza, zikiwamo za herufi kama s, f na t, ndizo zinazotofautisha neno na neno. Mahali penye kelele, kama matangazo ya mpira yenye mayowe ya mashabiki nyuma yake, hali huwa mbaya zaidi. Miaka mingi karibu na mashine yenye kishindo, bila kinga ya masikio, huharakisha tatizo.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 25 ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowaathiri. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliuweka upungufu huo miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kudhibitiwa. Haina maana kwamba kila asiyesikia vizuri atasahau. Lakini mtu asiyesikia hujitenga, na upweke nao una madhara yake.

Kwa familia yenye mzee wa namna hii, hatua ya kwanza ni kumpeleka kituo cha afya akapimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na mhudumu huitoa. Nyumbani, msimchokonoe kwa kijiti wala kumwagia mafuta. Tatizo likiwa kubwa zaidi, kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na mtaalamu ndiye wa kumpimia kinachomfaa.

Mengine hayahitaji fedha. Zungumza naye akiwa anakuona usoni. Sema taratibu, bila kufoka. Punguza televisheni kwanza. Asipoelewa, badilisha maneno badala ya kurudia yale yale kwa sauti kubwa.

Mjukuu wake mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, ameshaanza. Mechi ikiisha huzima televisheni, humsogelea babu upande wa sikio lenye nafuu na kumsimulia nani kafunga na dakika ya ngapi. Babu husikiliza hadi mwisho, kisha huuliza kipa alikuwa wapi.