Insha ya Makuti

Mwaka 1988, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa, huku kwetu Msambweni watu hawakuzungumza habari za uchumi. Walizungumza nani anadaiwa dukani. Baba alirudi na baiskeli yake, na tangu wiki ile tukawa tunakula makuti ya Nyanya.

Hoteli za Diani ziliyataka. Mgeni alilipa pesa nyingi kulala chini ya paa ambalo sisi tulikuwa tukiomba Mungu tulibadilishe kwa mabati. Nyanya aliketi chini ya mwembe kando ya njia, miguu kainyoosha, fito kulia, majani ya mnazi kushoto. Alitwaa jani, akalikunja juu ya ufito, akalishona, akatwaa jingine. Vidole vikienda na mdomo ukienda. Kila mpita njia aliamkiwa kwa heshima zake, kisha akapachikwa jina akishapinda kona.

Kulikuwa na jirani aliyemkosea, mambo ya kuku tu. Nyanya hakugombana. Alikwenda Ukunda kutafuta leso. Kusoma hakujua, hivyo muuzaji alimsomea majina yaliyochapwa juu ya leso, moja baada ya jingine, naye akachagua kama mtu achaguaye samaki, hili limelala, hili bado. Akajifunga leso ile siku tatu, palepale njiani. Siku ya tatu jirani akapita, akaisoma, akaondoka bila kuamkia. Jina lake silitaji. Wajukuu wa pande zote mbili tuko hai na tunaombana chumvi.

Mimi shuleni nilikuwa nakariri insha. Kila Jumatatu jua la matlai lilinichomozea, kila safari nilitimua mbio mithili ya swara, ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Nikapata 14 kati ya 40. Mwalimu, mtu wa bara, alichoka nami. Akaniuliza kwetu kumetokea nini wiki ile. Nikamwambia habari ya leso. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema, “Nenda kaandike hiyo.”

Miaka mingi baadaye nilimsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840 na ambaye diwani yake Hichens aliichapisha mwaka 1940. Wasomi humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Mimi nilipokutana na vijembe vyake nilihisi harufu ya makuti mabichi. Mtu huyu nilishamjua, na alikuwa na leso.

Lakini nirudi shuleni: insha ile ya leso ilipata 31. Nikamsomea Nyanya jioni, yeye akishona. Alisikiliza mpaka mwisho, asisifu wala asikosoe Kiswahili changu.

“Umeandika alipopita nilicheka,” akasema. “Sikucheka, bwanangu. Nilikohoa.”

Nikachukua kalamu, nikasahihisha.