Kufuli la Chumba cha Uani

Mwezi Machi mwaka 2017 nilinunua kufuli la Solex Shinyanga mjini, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Ibadakuli, nikamfungia kaka yangu ndani. Naanza na kufuli kwa makusudi. Nikiwasimulia marafiki habari hii huwa naanza na daktari, kwa sababu kwa daktari ndipo naonekana mtu mwenye akili. Lakini daktari alikuja miaka minne baadaye.

Kaka alikuwa ametoka Nyarugusu, machimbo ya dhahabu mkoani Geita, ambako kwa miaka tisa alishuka na kupanda maduara. Serikali ilikuwa imepiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 ya mwezi ule, na mama alilisikia tangazo lile redioni kama jibu la maombi yake. Kiroba ndicho kilichomlea kaka kule. Kifuko cha plastiki chenye pombe kali, kinaingia mfuko wa shati, hakivunjiki ukiteleza kwenye matimba. Alikunywa kabla ya kushuka, akanywa chini, akanywa alfajiri kabla hata ya kusukutua, ili mikono itulie. Wanywaji wanaita kuzimua. Sisi tuliita tamaa.

"Akikaa siku nne bila kuionja, itamtoka," nilimwambia mama. Nani aliniambia siku nne? Hakuna. Ila nilikuwa mwandishi wa habari, nimesoma chuo kikuu, na nilijiona ninayajua mambo haya. Nikiwa Dar es Salaam niliwahi kuandika habari za vijana wanaotumia heroini, wale wanaokwenda kunywa methadoni kila asubuhi, huduma iliyoanzia Muhimbili mwaka 2011. Nilikaa nao, wakanielezea arosto: mifupa kuuma, kuhara, kutapika, kutamani kujivua ngozi. Na karibu wote waliniambia kwamba arosto inatesa lakini haiui. Nikapiga hesabu yangu. Kama heroini, ambayo ni haramu dunia nzima, haiui mtu akiiacha, pombe inayouzwa dukani kwa Mangi itamfanya nini?

Hesabu ilikuwa imekaa kinyume. Arosto ya heroini ni mateso makubwa, lakini kwa mtu ambaye mwili wake haujachoka kwa maradhi mengine ni nadra kumuua. Pombe ndiyo inayoua ikiachwa ghafla. Hilo sikulijua, na nililishikia ufunguo.

Mara ya kwanza alitetemeka, akatapika, akatokwa jasho hadi godoro likalowa. Siku ya tano nikafungua mlango, akatoka mwembamba, anacheka, mama akapiga vigelegele. Akakaa miezi miwili. Viroba vilikuwa havipo tena, lakini gongo lilikuwepo, kama lilivyokuwepo tangu kabla ya sheria ya mwaka 1966 iliyolikataza. Mara ya pili ilikuwa Krismasi ya 2018. Kufuli lilelile. Siku ya pili asubuhi tukasikia kishindo, tukamkuta sakafuni amekakamaa, povu mdomoni, ulimi ameuuma. Ilichukua kama dakika mbili. Jirani mmoja akasema ni kifafa, kipo upande wa baba. Mwingine akasema wanamchezea. Tukamfuta damu, tukamlaza, tukafunga mlango tena. Naandika sentensi hiyo ya mwisho na bado siielewi.

Mara ya tatu ilikuwa Agosti 2021.

Usiku wa siku ya tatu aliacha kututambua. Mikono ilikuwa ikikwangua sakafu ya saruji, anazoa kitu ambacho hakipo, anakimimina kwenye ndoo ambayo haipo. Halafu anainua uso juu, kwenye mabati, na kupiga kelele: "Vuta! Vuta kamba, vuta!" Alikuwa shimoni. Alitaja watu kwa majina, akawaambia wasogee, timba limelegea. Mwili ulikuwa wa moto, macho yamemtoka, moyo unadunda mpaka unauona kwenye shati. Mama alikaa kizingitini anajibu, kwa Kisukuma, "Niko hapa mwanangu, navuta," na anafanya ishara ya kuvuta kamba, kwa sababu alipofanya hivyo kaka alitulia kidogo.

Wajomba walifika. Wakasema ni wafu wa machimboni wamemfuata, aitwe mganga. Sitawacheka. Mtu anayezungumza na walio chini ya ardhi, ungemwambia nini? Mimi mwenyewe niliamini kwa muda wa kama saa moja.

Fasihi yetu ina walevi wengi. Zakaria wa *Rosa Mistika* kila aliyesoma sekondari anamjua au amesikia habari zake. Mlevi wa vitabuni anapiga familia, anauza shamba, anakufa au anaokoka. Akiokoka, anaokoka kati ya sura na sura: jana alikuwa baa, leo yuko kanisani amevaa shati jeupe. Sikumbuki kitabu kilichonipeleka kwenye usiku wa tatu. Ningekuwa nimewahi kuusoma, huenda ningeutambua ulipokaa mbele yangu unakwangua sakafu.

Aliyetuokoa ni dereva wa bajaji. Alikuwa amekuja kumleta mjomba, akachungulia, akasema, "Huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Mdogo wangu alienda hivihivi." Hakusema alienda wapi, na hakuna aliyemuuliza.

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu. Aliuliza maswali mengi, na swali lililorudi kila mara ni moja: amekunywa mara ya mwisho lini?

"Siku tatu zilizopita, daktari," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa fahari. "Ameacha kabisa."

"Nani kamwachisha?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Aliandika.

Nilichojifunza baada ya hapo nilikijifunza kwenye benchi la wodi, kwa vipande, na vingine nilikwenda kuvisoma baadaye kwa aibu. Pombe inautuliza ubongo. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo unajibu kwa kuongeza nguvu upande wake ili usilale kazini. Daktari alitumia mfano wa kamba, bila kujua kaka alikuwa ameitaja usiku kucha: watu wawili wanavutana kwa nguvu sawa, mmoja akiachia ghafla, mwingine haachi kuvuta, anaanguka chali. Kutetemeka kunaanza saa sita hivi baada ya tone la mwisho. Degedege la watu wazima, lile tulilolisingizia ukoo wa baba, huja zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Maruweruwe yenye homa na kuchanganyikiwa huja siku ya pili hadi ya nne. Hata jina lina umri mkubwa: daktari Mwingereza, Thomas Sutton, aliyaita delirium tremens mwaka 1813. Na bado kwa zaidi ya karne watu walibishana kama ni ulevi wenyewe unaoleta hali hiyo au ni njaa ya walevi. Mwaka 1955, kule Kentucky, Marekani, Harris Isbell na wenzake waliwanywesha wanaume kumi kwa wiki kadhaa huku wakiwalisha vizuri, kisha wakawakatia ghafla. Waliokunywa muda mrefu zaidi walipata degedege na maruweruwe. Jaribio la namna ile leo lisingeruhusiwa, lakini lilionyesha kwamba kinacholeta hali ile ni kukatiwa.

Hata shimo lake lilikuwa na maelezo. Wagonjwa wengi katika hali ile hurudi kazini: fundi anapigilia misumari hewani, dereva anashika usukani. Daktari alimuuliza mama kama kaka alikuwa anachoma dhahabu kwa zebaki, kwa kuwa moshi wa zebaki nao unatetemesha mikono, na kwa mtu wa Geita yote mawili yanaweza kuwepo. Walimpima malaria. Walimpima sukari. Walimchoma vitamini B1 kabla ya kumtundikia dripu ya sukari, maana mnywaji wa muda mrefu hukosa vitamini hiyo, na sukari ikiingia kabla yake inaweza kumharibia ubongo moja kwa moja. Kisha diazepamu, nyingi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kupewa, mpaka akalala. Taa haikuzimwa, kwa sababu giza linayapa maruweruwe nafasi.

Halafu likaja lile ambalo bado naamka nalo usiku. Daktari aliuliza kama amewahi kuachishwa hivi kabla. Nikamwambia mara mbili, nikaeleza na ile ya kuanguka. Akasema kila mtu anapokatiwa ghafla, kisha akarudia kunywa, kisha akakatiwa tena, mara inayofuata huwa kali zaidi. Ubongo unajifunza vibaya. Kwa hiyo kufuli la 2017 lilikuwa limeandaa la 2018, na la 2018 likaandaa usiku ule wa kwenye saruji. Alisema pia kwamba hali ile isipotibiwa inaua wengi, na ikitibiwa mapema wanaokufa ni wachache, chini ya 5 kwa 100. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Nakumbuka nilianza kuhesabu vitanda.

Kaka alitoka siku ya tisa. Akakaa mwaka mmoja na miezi kadhaa, akarudi Nyarugusu, akarudia. Ningependa kusimulia vingine. Kumtoa mtu pombe mwilini ni kazi ya wiki moja, na wiki hiyo haimfundishi namna ya kukaa jioni bila kitu mkononi. Tulikuwa hatujajua.

Lakini mwaka 2023 alinipigia simu mwenyewe. "Mdogo wangu, nataka kuja. Ila siachi mpaka nifike hospitali. Umenisikia? Siachi." Nikamtafuta yule daktari, akanishangaza: alisema kaka yuko sahihi, asiache ghafla njiani, apunguze lakini asikate, na mimi nimfuate.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye basi la kutoka Kahama, mwanamke mzima mwenye kitambulisho cha uandishi shingoni, nimeshika chupa ya maji yenye konyagi. Tulipokaribia Tinde mikono yake ilianza. Nikamimina kifuniko kimoja, nikamshikia kidevu, akanywa. Kingine. Mama mmoja wa kiti cha jirani akasema kwa sauti, wote wasikie: "Ndugu ndiyo mnaowamaliza ndugu zenu." Sikuwa na la kumjibu. Kwa ile miaka ya nyuma alikuwa anasema kweli, alikosea siku tu.

Safari hii niliona jinsi inavyotakiwa kuwa, na naieleza kwa sababu nyumba ziko nyingi zenye makufuli. Walimlaza kabla hajaanza kutetemeka. Nesi alikuja kila baada ya saa chache na karatasi yenye mambo kumi: kaka nyoosha mikono, tanua vidole, kuna kichefuchefu? Kuna kitu kinakutambaa mwilini? Taa inakuumiza macho? Hapa ni wapi, leo ni siku gani? Kila jibu lina alama, na alama zikipanda anapewa dawa. Siku ya kwanza vidonge vilikuwa vingi, vikapungua kila siku, vikaisha siku ya sita, na hakupewa hata kimoja cha kwenda nacho, kwa kuwa dawa yenyewe inaweza kumnasa. Alitoka jasho. Alisema ameona panya mmoja, kisha akasema mwenyewe, "Hapana, si panya." Siku ya tatu, ile siku, alikula ugali na dagaa akalala. Nilikaa macho usiku kucha namtazama mtu aliyelala.

Si kila mnywaji anahitaji kitanda. Wa bia mbili za Jumamosi ataacha akiwa nyumbani kwake. Ila ambaye anazimua asubuhi, ambaye amewahi kuanguka degedege, huyo asifungiwe na mtu. Mwambie daktari ukweli wa kiasi, usikipunguze kwa kumwonea haya mgonjwa.

Kaka sasa yuko Ibadakuli na mama, analima dengu. Siandiki ni miezi mingapi, amenikataza, anasema hesabu inamtia nuksi. Alhamisi anakaa na wenzake wanne walioacha, chini ya mwembe, wanakunywa soda na kulalamikia bei ya soda.

Usiku ule wa Agosti haukumbuki kabisa. Nilipomweleza kwamba alitaja majina, akanyamaza, akaniuliza majina gani. Nikamtajia matatu niliyoyashika. Wawili, akasema, walifukiwa mwaka 2014, na yeye ndiye aliyekuwa juu anashika kamba. Hakuwahi kutuambia. Mama alikuwa anapepeta dengu pale pale, akaweka ungo chini.

"Wa tatu je?" akauliza.

"Wa tatu mzima, mayu. Ananidai hela."