Chakula cha Kituruki Kabla ya Safari ya Pangani

Wako watu wanaodhani ya kuwa lugha ikopayo ni lugha maskini. Sisi wa darasa la Kiswahili, Kidato cha Tano, tulibishana sana juu ya jambo hilo muhula huu, na mabishano yetu yakafika mpaka jikoni.

Darasa lilikuwa likijitayarisha kwenda Pangani kutazama mji wa kale. Mwalimu wetu, aliyekuwa akitufundisha asili ya maneno, akasema kwamba usiku wa kuamkia safari tule pamoja chakula cha Kituruki. Tulicheka, maana wengi wetu Uturuki twaijua kwa tamthilia za televisheni tu. Akasema, "Msicheke, wanangu. Nusu ya karamu hiyo mnaijua tayari." Basi kila mmoja akatoa alichojaliwa, na mpishi wa shule akatusaidia kupika.

Siku ya Ijumaa baada ya magharibi tukakaa mkekani. Ikaletwa supu ya dengu, ambayo Waturuki huiita çorba; nasi watu wa pwani twaijua shorba. Ukaletwa wali wa siagi, yaani pilav. Nasi tuna pilau, ila yetu haipikwi bila bizari, na wenzetu kadhaa walinong'ona ya kuwa huo ni wali mweupe uliojipa cheo. Ikafuata nyama ya kuchoma, kebap, jamaa wa kababu zetu. Kisha helva, jamaa wa haluwa. Na mwisho çay, ambayo haikuhitaji mkalimani.

Mwalimu akatuonya tusiseme kwamba maneno hayo tulipewa na Waturuki. Sisi na wao tumechota katika visima vile vile vya Waarabu na Waajemi, kila mmoja kwa ndoo yake. Ndiyo sababu Mturuki akikusalimu husema merhaba, nasi husema marahaba mdogo anapotuamkia.

"Basi hakuna neno lililotoka kwao hasa?" mmoja wetu akauliza.

"Lipo," akajibu. "Afande."

Akatueleza ya kwamba efendi kwa Kituruki ni bwana. Misri ilikuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, na jeshi lake lilitumia vyeo vya Kituruki. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliandikisha askari wa Kisudani huko Misri, akawaleta pwani yetu kupigana na watu waliokataa utawala wa Wajerumani. Mwezi wa Julai mwaka huo waliteka Pangani na Tanga. Walikuja na vyeo vyao: ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, shaushi, yaani sajini, na efendi. Ombasha na shaushi vimekwisha, lakini afande limebaki midomoni mwetu.

Hapo mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Pangani, akaweka kikombe chini. "Mwalimu, niwie radhi," akasema. "Abushiri bin Salim alinyongwa kwetu, tarehe 15 Desemba 1889. Kesho twakwenda huko. Yafaa kweli usiku huu tufurahie chakula cha watu ambao askari wale walibeba maneno yao?"

Hakuna aliyetafuna. Hata mpishi, aliyekuwa akikusanya sahani, alisimama.

Mwalimu hakumkemea. Alisema, "Swali lako ni la haki, mwanangu. Lakini wapika çorba hawakuja Pangani na bunduki. Na Wasudani wale, wengi wao walitoka katika utumwa; walinyang'anywa makwao, wakatiwa jeshini, wakaamrishwa kwa lugha isiyo yao. Waturuki nao neno hilo walilitoa kwa Wayunani. Ukilifuata nyuma utakuta watu wengi, na wengi wao waliumia."

Yule mwenzetu alifikiri kitambo, kisha akasema, "Nitakula. Ila naomba kesho tusitazame milango na majumba tu. Mambo ya watu wa pale yasemwe." Sote tukakubali.

Kesho yake, tuliposimama ukingoni mwa mto Pangani, mwalimu alimwachia yeye nafasi ya kusema. Alitusimulia jinsi watu wa mji ule, mwezi wa Agosti 1888, walivyoikataa bendera ya Kampuni ya Kijerumani iliyokodishiwa pwani na Sultani wa Unguja, na jinsi upinzani ulivyoenea pwani nzima. Alisema bila hasira, nasi tulisikiliza kuliko tulivyopata kusikiliza darasani.

Tangu siku ile nimekuwa na maoni haya. Maneno yaliingia kwetu kwa njia nyingi: mengine kwa biashara, mengine kwa dini, mengine kwa ndoa, na mengine kwa mabavu. Yote sasa ni yetu. Siwashauri wenzangu waache kusema afande. Leo ni neno la heshima kwa maofisa wa majeshi ya taifa letu wenyewe. Lakini yatupasa kujua lilivyotufikia, maana njia ya neno hilo ilipita juu ya makaburi ya watu wa pwani hii.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa vidato vya chini, mkienda likizo waulizeni wazee wenu habari za maneno ya kwenu, mziandike, mzilete darasani. Wazee hawangojei muhula ufunguliwe.