Besi ya Mninga

Ukishuka Keko, jijini Dar es Salaam, kitu cha kwanza kukuzibia njia ni vitanda. Vya tano kwa sita, vya sita kwa sita, vimesimamishwa wima ukingoni mwa barabara, vichwa vyake vimechongwa maua na mashada ya zabibu, vanishi bado inanata. Nyuma ya vitanda kuna makochi ambayo hayajavishwa vitambaa, mbao tupu na mikanda ya mpira. Nyuma ya makochi, makabati yenye vioo virefu, na ndani ya vioo hivyo bodaboda zinapita kwa mara ya pili. Wauzaji wa hapa hawana kelele za stendi. Wanakutazama viatu kwanza, kisha wanauliza kwa upole: "Karibu bosi, tunatafuta kitanda?"

Mimi nilikuwa natafuta gitaa.

Hakuna aliyeshangaa. Kijana aliyekuwa akipiga msasa miguu ya meza alinyoosha mkono uliojaa vumbi jekundu akanionyesha kichochoro. Nifuate mtaro, nipite mashine ya randa, nipite kwa fundi wa kusuka mota, nikisikia mlio mzito nimefika.

Kichochoro kina upana wa mtu mmoja na ubao mmoja. Ukikutana na mwenye mzigo, unarudi kinyumenyume. Mashine ya randa ikiwashwa, mazungumzo yote ya mtaa yanakatika. Watu wanasubiri ubao utokee upande wa pili, kisha wanaendelea na maneno pale pale walipoyaachia. Maranda yamelala chini hadi kwenye vifundo vya miguu, na yana wateja wake. Mama mmoja alikuwa anayajaza kwenye viroba kwa ajili ya banda la vifaranga. Anayataka yaliyotoka kwenye randa tu. Unga wa msumeno hautaki, kwa sababu vifaranga wanaudonoa wakidhani ni chakula.

Karakana yenyewe ni ya mabati, ndogo kiasi kwamba kitanda kikiunganishwa ndani, fundi anabaki nje. Kuna benchi moja zito lenye jiliwa, randa za mkono za ukubwa tofauti, patasi zilizochomekwa kwenye kipande cha mpira wa tairi, na juu, kwenye kenchi, viwiliwili vitatu vya magitaa vimening'inizwa kwa waya, havina shingo. Kimoja kimeshapigwa vanishi. Kingine ni ubao uliochorwa tu kwa penseli, umbo la gitaa limejibana pembeni kukwepa jicho la mbao.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Angalia kichwa hapo."

Fundi ana mvi ndevuni na mikono iliyopasuka vidoleni. Vitanda ndivyo vinavyolipa kodi, alisema bila kuulizwa. Magitaa anatengeneza ya besi tu, na anayatengeneza kwa sababu anapiga besi. Ana bendi, kama unaweza kuiita bendi: watu wanaokutana Jumamosi jioni baada ya kazi, wakapiga kwenye harusi za majirani na vipaimara, wakagawana nauli.

Kiwiliwili ni mninga. Utomvu wa mti huu ni mwekundu na hugandia shoka, na vumbi lake linabaki kwenye mikunjo ya shingo hata baada ya kuoga. Maseremala wa pwani wanaupenda kwa sababu ukishakauka hautikisiki sana. Hewa ya Dar ina maji mengi. Ubao uliolazwa vibaya mwezi wa Machi, masika yakiisha umepinda. Ndiyo maana mbao za fundi zimepangwa ukutani zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, na kila moja ina tarehe iliyoandikwa kwa chaki. Kipande kilichokuwa kifupi kwa ubavu wa kitanda kinatosha kabisa kwa gitaa. Nilipokaa pale nikaelewa kwamba kila besi iliyotundikwa juu yangu ina ndugu yake, kitanda, kwenye chumba cha mtu mahali fulani Mbagala au Tegeta.

Gitaa moja lililokamilika tulilipeleka kwa jirani anayenunua chuma chakavu, tukalining'iniza kwenye mzani wake wa ndoana. Kilo tano kasoro kidogo. Ni zito; magitaa mengi ya besi ya kiwandani huwa karibu na kilo nne. Mkanda wake wa begani ni mkanda wa usalama wa gari, mweusi, mpana, bado una lebo ndogo iliyofutika.

Shingo ndipo kazi ilipo. Besi ya umeme ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilitoka California, Marekani, mwaka 1951, na tangu hapo urefu wa uzi, kutoka kichwani hadi kwenye daraja, umebaki inchi 34 kwa sehemu kubwa ya magitaa ya besi duniani. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba sanduku linalomzidi kimo, kama lile linaloonekana mpaka leo nyuma ya wapiga fidla kwenye taarabu ya Unguja. Fundi anazifuata inchi 34 bila ubishi. Ila kuanzia hapo anaacha inchi na kushika milimita, na ni kazi pekee, anasema, inayomlazimisha kufanya hivyo. Gawanya urefu wote kwa 17.817, unapata nafasi ya freti ya kwanza, kile kijichuma kinachokatiza shingo: milimita 48 na nusu. Gawanya urefu uliobaki kwa namba ile ile, unapata ya pili. Unaendelea hivyo, nafasi zikibana kadiri unavyoshuka kuelekea kiwiliwili, na ukiwa hukukosea, freti ya kumi na mbili inaangukia katikati kabisa. Hesabu hizo zote anazo kwenye ufito wa plaiwudi uliochanjwa mistari, umetundikwa msumarini, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa.

Mifereji ya freti anaikata kwa hekso. Nilidhani nimesikia vibaya. Bledi ya hekso huwa na meno yaliyopanuliwa kidogo kushoto na kulia, hivyo mfereji wake ni mpana na freti haishiki. Fundi aliichukua bledi mpya, akailaza ubavu juu ya jiwe la kunolea, akaisugua upande mmoja, akageuza, akasugua mwingine, akapima kwa kucha. Aliendelea mpaka meno yakawa sawa na mgongo wa bledi. Kisha akakata mfereji mmoja kwenye kipande cha majaribio, akachomeka freti, akaigonga mara moja kwa nyundo ya mpira. Haikutoka kwa koleo.

Uso wa shingo, pale vidole vinapotembea, ni mpingo. Huu mti wa Kilwa, Lindi na Mtwara ndio unaosafirishwa ng'ambo kutengenezea zumari za Kizungu, klarineti na oboe, na ndio wachonga vinyago wa Mwenge wanaoutumia. Fundi hupata mabaki huko Mwenge. Tatizo la mpingo ni kwamba unakua taratibu mno na mara nyingi umejikunja. Kipande kilichonyooka cha futi mbili ni cha kutafutwa. Kwa hiyo uso wa besi hii umetokana na vipande viwili vilivyounganishwa kwa urefu. Niliutafuta mstari wa gundi kwa kidole nikaukosa; ulionekana tu alipouinamishia mwangaza wa mlangoni. Alichukua kijipande kilichobaki akakitupa kwenye ndoo ya maji. Kilizama moja kwa moja, na kwa namna alivyonitazama nilijua kila mgeni huonyeshwa hilo.

Ndani ya shingo, chini ya mpingo, kuna chuma cha mviringo cha milimita sita ambacho mchomeleaji wa jirani amekichonga hesi mwishoni. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinaivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, usiku na mchana, gitaa likiwa limelala chini ya kitanda. Bila chuma hicho, mbao ingekuwa upinde.

Sumaku na waya, vinavyonasa mtetemo wa nyuzi, ni kazi ya fundi wa kusuka mota. Kwake kuna mota za pampu na feni zimefunguliwa matumbo, shaba inang'aa. Waya wa besi unene wake haufiki sehemu ya kumi ya milimita, na unazungushwa karibu mara 10,000 kuzunguka vijiti vya sumaku. Amefunga bobini ya plastiki kwenye drili ya mkono, na pembeni kuna kalkuleta ya dukani iliyofunguliwa, nyaya mbili zimetoka kwenye kitufe cha jibu hadi kwenye swichi ndogo. Kila mzunguko sumaku inapita mbele ya swichi, kalkuleta inajumlisha moja. Aliniomba nisiseme naye. Namba zilikuwa zinapanda, vidole vyake viwili vimeushika waya bila kuubana, na jasho lilikuwa linadondoka puani lakini hakulifuta.

Kariakoo kuna magitaa yanayong'aa kuliko haya, tena yanakuja na begi lake. Lakini yaangalie haya ya Keko kwa karibu. Mgongo umekwanguliwa mahali ambapo mbavu za mpigaji hugusa. Kitufe cha mkanda kimesogezwa mbele, kwenye ncha ya pembe ya juu, ili shingo isianguke mpigaji anapoachia mkono kupangusa jasho. Tundu la jeki limewekwa usoni, badala ya ubavuni, kwa sababu kwenye harusi watu wakifika kutunza wanakanyaga waya, na jeki ya ubavuni huchomoka au kupasua mbao. Mambo haya huyajua mtu aliyesimama na kilo tano begani kuanzia saa mbili usiku mpaka bwana harusi alipochoka. Kwa maoni yangu hapo ndipo fundi wa Keko anapomshinda wa kiwandani, ingawa yeye mwenyewe alinikataza kusema hivyo mbele ya wateja.

Nyuzi tu ndizo zinazomsumbua. Ni ghali, kwa hiyo zikichakaa zinachemshwa. Nyuma ya karakana, juu ya jiko la mkaa, sufuria ilikuwa inatokota na ndani yake nyuzi nne zimejiviringisha. Maji yaligeuka rangi ya chai: ni uchafu na mafuta ya vidole yaliyoingia kati ya mizunguko ya waya. Alizitoa kwa koleo, akazipangusa, akazianika kwenye kamba ya nguo kando ya fulana za mtoto. Zitalia vizuri kwa siku chache, basi.

Jioni tulihamia uani kwa baa moja ambayo wateja wake huanza kufika usiku. Paa la makuti, kreti za soda ukutani, harufu ya mkaa na ya bia ya jana. Mpiga drams ni dereva wa bodaboda. Kofia yake ngumu aliiweka juu ya spika. Wa solo ni mwalimu wa shule ya msingi. Wa ridhimu ni karani bandarini, alikuja na shati la kazi. Mwimbaji ni mama anayeuza vitenge, na ndiye anayeheshimiwa kuliko wote. Akisema tena, wanarudia. Spika ya besi ni sanduku la plaiwudi alilolitengeneza fundi, limebeba spika ya inchi 15, na lina urefu wa kufika kiunoni kwangu.

Fundi alisimama karibu na drams, mgongo ukutani, macho kwenye mguu wa kulia wa dereva wa bodaboda. Uzi mnene ukiwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde; hauuoni uzi, unaona ukungu. Sauti yenyewe niliisikia kwanza kwenye kiti, baadaye kwenye kifua, na chupa kwenye kreti zikaanza kugongana. Hakujaza kila nafasi. Alipiga noti tatu, akaacha tundu, akaingia baada ya mahali nilipomtegemea, na gitaa la ridhimu likawa linajipenyeza katika matundu hayo. Wimbo ulipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, alibadilisha mpangilio bila kumwangalia mtu, na mhudumu aliyekuwa akifagia akapunguza mwendo wa ufagio. Hakuna aliyemtazama fundi. Katikati aliachia kidogo ili akaze skrubu moja ya daraja, na mwimbaji akageuka mzima kumtafuta.

Adhana ya magharibi ilipoanza, dereva wa bodaboda aliweka vijiti juu ya ngoma na kila mmoja akazima chake. Wawili walikwenda kuswali. Waliobaki walikunywa soda. Umeme ulipungua, taa ikawa njano, amplifaya ikaanza kunguruma yenyewe, kisha ikatulia.

Ni wakati huo alipofika kijana wa kwaya kutoka kanisa la mtaa wa pili. Alisalimia wote, akasimama pembeni mpaka alipoitwa. Anataka besi ya nyuzi tano. Nyimbo zao siku hizi zinashuka sana chini, na mpigaji wao ameona ya nyuzi tano kwenye simu.

"Spika yenu ni ya inchi ngapi?" fundi aliuliza.

"Kumi, fundi."

"Basi mnanunua uzi ambao hamtausikia."

Kijana alicheka kwa aibu. Fundi hakucheka. Alimweleza kwamba uzi wa tano hutetemeka mara 31 tu kwa sekunde, kwamba spika ndogo itajikakamua na mwisho itachanika, kwamba shingo lazima iwe pana zaidi na mpingo wa upana huo hana. Wabadilishe spika kwanza, au wachukue ya nyuzi nne. Mwalimu wa solo aliongeza kwamba nyuzi nne zinatosha kwa Mungu pia, na mwimbaji akamwambia anyamaze, biashara si yake.

Wakajadiliana bei kwa sauti ya chini, kijana akipiga simu kwa mweka hazina wa kwaya, fundi akigeuza skrubu ambayo haikuwa na shida. Walikubaliana nyuzi nne, nusu ya hela sasa na nusu siku ya kuchukua, na sanduku la spika baada ya Pasaka.

"Na aje mpigaji mwenyewe," fundi alisema, akiandika namba ya simu kwenye ubao wa kreti. "Asitume mtu. Nataka nimpime mkono."