Mwangwi wa Goti

Goti ni mtumishi asiyesifiwa. Hubeba mwili tangu utoto, hupanda mlima na kushuka bonde, wala halipewi shukrani mpaka siku linapogoma.

Ncha za mifupa ikutanayo gotini zimevikwa gegedu. Aliyepata kutafuna ncha ya mfupa wa kuku anaijua: nyeupe, laini, itelezayo, na unene wake gotini ni milimita chache tu. Haina mishipa ya damu, basi ikilika haiponi kwa urahisi. Haina mishipa ya fahamu, basi yaweza kulika na mwenyewe asijue.

Mama yangu alipopita umri wa miaka 60, alianza kushika ukuta kila alipoinuka. Majirani walitoa hukumu tatu: mmoja alisema uzee, wa pili baridi, wa tatu jicho baya. Mwingine akaongeza kuwa hapana dawa ila kisu. Mama aliogopa kisu, lakini aliogopa zaidi kuketi mlangoni akitazama wengine wakienda shamba.

Tulikwenda kwa daktari. Alianza kwa eksirei, miali iliyovumbuliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Picha ilionyesha kwamba nafasi kati ya mifupa imepungua. Lakini eksirei huonyesha mfupa. Gegedu yenyewe haionekani, bali hukisiwa kwa nafasi hiyo. Kwa hiyo daktari alileta mashine ya ultrasaundi.

Sikio la mwanadamu husikia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hupeleka mamilioni. Asili yake ni ugunduzi wa ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, ambao mwaka 1880 walionyesha kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kuwa zikipewa umeme hutetemeka. Fuwele hutoa sauti, kisha husikiliza mwangwi wake, kama popo gizani.

Mama aliambiwa akunje goti kadiri awezavyo, ili gegedu ya mfupa wa paja itokeze chini ya pia ya goti. Daktari alipaka ute baridi, akapitisha kifaa taratibu. Kiooni uso wa mfupa uling'aa kama mstari mweupe, na juu yake gegedu ikaonekana kama ukanda mweusi. Katika goti zima ukanda huo huwa sawasawa, wenye kingo dhahiri. Wa mama ulikuwa umekonda mahali mahali, kingo zake zimefifia, na pembeni mwa mfupa vilichomoza vijipembe vidogo.

Nikauliza, "Na ndani ya mfupa, Daktari?"

"Hatuoni kitu, Mwalimu. Sauti hugonga mfupa ikarudi. Hata gegedu iliyojificha katikati ya goti hatuifikii."

Jibu hilo lilinipendeza kuliko picha. Chombo chema ni kile ambacho mwenye kukitumia anajua mpaka wake. Kisha akasema neno lililo kubwa zaidi: picha haipimi maumivu. Wapo wenye gegedu iliyolika watembeao bila shida, na wapo wenye picha njema wanaougua. Basi akaweka kifaa chini, akamgeukia mama. "Mama, unaumwa saa ngapi? Unataka goti hili likufikishe wapi?"

"Shambani, mwanangu, na kurudi."

Hakumpa kisu. Alimpa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, shauri la kupunguza uzito, na amri ya kutembea kidogo kidogo kila siku. Gegedu iliyokwenda haikurudi. Lakini mama alifika shambani.

Nawaambia haya ninyi mnaosoma sayansi na kudhani mwangwi ni somo la mtihani tu. Kukisia ni kazi nyepesi, na majirani watatu waliimaliza kwa dakika moja. Kupima kwataka elimu. Na baada ya kupima, imebaki kazi ya kumsikiliza mgonjwa, ambayo hapana mashine iwezayo kuifanya kwa niaba yetu.